Kifurushi Kutoka kwa Mama

Kila Ijumaa, kabla ya wanafunzi kuruhusiwa kwenda nyumbani, Mwalimu Gachoki aligawa barua zilizofika kwenye sanduku la posta la shule. Familia nyingi za Karurumo hazikuwa na sanduku lao, kwa hivyo zilitumia la shule.

"Wamuyu, hii ni ya nyanya yako," alisema, akimpa karatasi ndogo. "Kuna kifurushi kinamngoja posta. Aende na kitambulisho."

Wamuyu aliisoma njiani. Mtumaji alikuwa mama yake. Mama alikuwa mpishi katika hoteli moja Mombasa, na walikuwa wamemzika siku tisa zilizopita. Siku ya mazishi Wamuyu hakulia, na sasa pia hakulia. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Aliitia karatasi ndani ya kitabu cha hisabati, akaenda kuteka maji.

Jumatatu mwalimu alimuuliza, "Nyanya yako alichukua kifurushi?"

"Ndiyo, mwalimu."

Uongo ulimtoka kwa urahisi, wala haukumsumbua. Wiki mbili zilipita hivyo. Alipika, akafua, akaenda shuleni na kurudi.

Ijumaa moja jioni, walipokuwa wakila githeri ya mahindi na maharagwe, mdogo wake Munyi aliinua kichwa kumtazama nyanya yao, ambaye walimwita Cucu. Munyi alikuwa na miaka saba.

"Cucu, mama aliniambia kwenye simu kwamba amenitumia viatu. Alinidanganya?"

"Labda hakupata nafasi."

"Lakini alisema ameshatuma."

Wamuyu aliweka sahani chini, akaenda kuileta ile karatasi.

"Mama hakudanganya," alisema. "Aliyedanganya ni mimi."

Cucu aliisoma karatasi. "Mbona uliificha?"

"Niliona tukikifungua, hakutakuja kingine tena."

Asubuhi iliyofuata wote watatu walikwenda posta. Karani, Bi Jamilah, alikagua kitambulisho cha Cucu, akalinganisha nambari ya karatasi na iliyobandikwa kwenye kifurushi.

"Mmekiwahi," alisema. "Jumatatu kingerudishwa kwa mtumaji."

"Mtumaji hayupo tena," Cucu alimjibu. "Alikuwa binti yangu."

Bi Jamilah alimsogezea kifurushi. "Pole sana, mama." Alimwonyesha mahali pa kutia sahihi, kisha akachukua wembe amsaidie kufungua.

"Usikate hapo penye mwandiko wake," Cucu alimwomba.

Ndani mlikuwa na viatu vya Munyi, shali ya Cucu na kamusi ya Wamuyu. Munyi alivaa viatu papo hapo. Vilimbana kidogo, lakini alikataa kuvivua.

Waliketi kwenye benchi la nje. "Wamuyu," Cucu alisema taratibu, "karatasi ile ilikuwa na jina langu. Kitu cha mtu mfikishie, hata kama kitamliza. Ulipokificha, ulimnyima Munyi neno la mwisho la mama yake, na mama akaonekana mwongo. Siku nyingine mzigo ukikulemea, niambie. Nitaubeba pamoja nawe."

"Nisamehe, Cucu."

"Nimekusamehe. Jumatatu umwambie mwalimu ukweli."

"Nitamwambia."

Wamuyu alifungua kamusi. Kwenye ukurasa wa kwanza mama alikuwa ameandika jina la Wamuyu kwa herufi kubwa. Alilipitishia kidole, herufi moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ganzi ikaanza kumtoka, akahisi kwamba mikono yake ilikuwa baridi. Cucu alimfunika kwa shali mpya.