Kompyuta ya Mjane Ouellette

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na nusu jioni, giza la Novemba limeshaanza kuteremka milimani, Wendell Gagnon alipowasha pikapu yake kwenda kuchukua kompyuta ya marehemu.

Mkewe Corinne alimsindikiza kwa maneno. Huyo mama hakuwa na kitu kingine cha kumsindikizia mtu.

"Kompyuta ya mwaka tisini na saba! Hata mwizi ukimwekea mlangoni anairuka. Rahisi ghali, mzee."

"Si rahisi. Ni bure."

"Basi ndiyo mbaya zaidi!"

Wendell alikuwa mchonga mawe ya makaburi, kama baba yake na babu yake, katika mji wa Barre ambao nusu ya watu wake walikula kwa mawe na nusu nyingine walikohoa kwa vumbi lake. Yeye alikuwa katika makundi yote mawili. Karakana yake ilikuwa na mashine ya kukata herufi kwenye raba. Raba ile hubandikwa juu ya jiwe, herufi zikabanduliwa, mchanga ukapulizwa kwa nguvu, na jina la mtu likabaki limechimbika hadi kiama. Mashine yenyewe nzima, haina neno. Ila ilisikilizana na kompyuta za enzi zake tu. Hizi mpya, nyembamba kama sahani, hazikuwa hata na tundu la kuchomekea waya wake. Na kompyuta yake kuukuu ilikuwa imetoa moshi Jumamosi, ikafa.

Kazi ilikuwa inangoja. Jiwe la mzee Royce Aldrich lilitakiwa kusimikwa kabla ardhi haijaganda. Ikishaganda, huko kwao hata maiti huwekwa ghalani kusubiri majira ya kuchipua.

Mjane Eulalie Ouellette alikaa mwendo wa dakika arobaini, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Mumewe Lucien naye alikuwa mchonga mawe. Bibi alifungua mlango kabla ya kubishiwa hodi. Kompyuta ilikuwa tayari kizingitini, imefunikwa blanketi.

"Bado inafanya kazi?" Wendell akauliza.

"Inafanya."

"Miaka yote hii?"

"Ilifanya kazi hadi siku aliyokufa Lucien." Bibi akamwangalia kidole cha pete. "Umeoa, Bwana Gagnon?"

"Mwaka wa thelathini na nne huu."

"Mnapendana?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu mlangoni? Wendell akacheka kidogo. "Tumezoeana, mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa deni.

"Haya. Ichukue kwa mikono yako mwenyewe. Mimi siigusi."

* * *

Jumanne asubuhi wakaiwasha.

Krrr... krrr... krrr...

Kioo kikapata mwanga wa kijani. Karakana ikajaa harufu ya vumbi linaloungua. Na chini ya harufu hiyo, nyingine. Udongo mbichi... udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Umekanyaga nini?" Corinne akauliza, ameziba pua.

"Wewe ndiye unanuka. Niache nifanye kazi."

Mashine ikaitika mara moja. Wendell akapiga meza kwa furaha. Nani alisema cha kale hakifai? Akaandika jina la Royce Aldrich, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Kando yake akaandika la mkewe Hazel, ambaye alikuwa hai, mzima, tena mkorofi. Ndiyo desturi ya huko: mjane huchongwa kwenye jiwe la mumewe angali anatembea. Jina, siku aliyozaliwa, kistari, halafu nafasi tupu inayomngoja.

Kisu cha mashine kikaanza kutembea kwenye raba.

Chi... chi... chi...

Kikamaliza la Royce. Kikamaliza la Hazel. Kikakata kistari.

Hakikusimama.

Corinne alikuwa wa kwanza kuona. Kazi yake ilikuwa kubandua herufi, na macho yake yalizoea. "Wewe! Umemuua mama wa watu!"

Pale palipotakiwa pawe tupu palikuwa na tarehe. Alhamisi ya wiki ileile.

Wendell akatazama kioo. Kwenye kioo nafasi ilikuwa tupu kabisa. Akatukana, akasema ni mabaki ya kazi za Lucien yamebaki tumboni mwa kompyuta, akachana raba na kukata upya. Tarehe ikarudi. Mara ya tatu vilevile. Mwishowe akaiziba kwa mkanda, akapuliza mchanga, jiwe likatoka safi.

Alhamisi jioni simu ikalia. Hazel Aldrich alikuwa ameanguka kwenye ngazi za chini ya nyumba, akafa. Alikuwa ameshika mtungi wa matango ya siki, na mtungi ulikutwa mzima mikononi mwake.

* * *

"Ni uchawi," Wendell alisema Ijumaa, anakohoa. "Naitupa."

"Bibi wa miaka themanini na tatu kuanguka ngazi ndiyo uchawi? Kwa hiyo ukitupa utakatia nini, meno?" Corinne alicheka hadi akashika meza. "Hebu andika sisi tuone. Mwanaume mzima unaogopa sanduku la vumbi!"

"Corinne, acha."

"Andika! Au niandike mwenyewe?"

Alimchokoza asubuhi, akamchokoza mchana, na giza lilipoingia alikuwa bado anamchokoza. Hapo Wendell akakaa mbele ya kioo. Vidole vyake vikasimama juu ya herufi. Majina mawili, alisema mkewe. Yeye akaandika moja.

"La kwako kwanza," akasema. "Wanawake hutangulia."

Corinne Gagnon. Siku ya kuzaliwa. Kistari.

Chi... chi... chi...

Kicheko cha Corinne kikakauka mdomoni. Alisoma tarehe mara mbili, akaigusa kwa ncha ya kucha.

Jumapili.

Jumapili ya keshokutwa.

"Sasa andika lako," akanong'ona.

Wendell akang'oa waya ukutani.

* * *

Jumamosi alasiri alikuwa tena kwa mjane Ouellette. Barabara nzima aliendesha akisikia bunduki za wawindaji wa kulungu zikilia msituni. Safari hii bibi alimkaribisha jikoni. Alikuwa anakunywa kahawa, ametulia tuli.

"Umekata la nani?" akauliza.

"La mke wangu. Inazuiwaje?"

"Haizuiwi."

"Nitaivunja kwa nyundo!"

"Vunja. Lucien aliitumbukiza kwenye shimo la machimbo, lile lenye maji meusi. Asubuhi tukaikuta mezani imekauka. Tarehe ikishakatwa imekatwa, Bwana Gagnon. Inataka mtu." Akanywa kahawa. "Lakini haijali mtu gani."

Wendell akasogea karibu. "Sema vizuri, mama."

"Futa jina, andika lingine. Tarehe itabaki ileile. Basi, kwisha."

"Lucien alifanya hivyo?"

"Lucien alikata jina langu kwa mzaha. Kisha akaona haya kuniambia, akakaa kimya siku nne, anasubiri nife huku ananichemshia chai." Sauti ya bibi haikupanda wala kushuka. "Nikaikuta raba. Mimi ndiye niliyeandika la kwake."

Saa ya ukutani ikagonga. Wendell alikuwa ameshasimama, kofia mkononi. Kichwani watu walishaanza kupita mmoja mmoja: jirani yake mlevi. Shemeji yake. Yule padri mpya asiyejua hata kusalimia. Na huyuhuyu bibi, mbele yake... Ouellette, Eulalie. Si alikwisha kula chumvi nyingi? Nani angemlilia? Akatupa jicho kwenye barua zilizokuwa mezani, akasoma jina lake linavyoandikwa.

Bibi aliliona jicho hilo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Umechelewa, mwanangu. Mkeo alinipigia simu ulipotoka tu nyumbani. Mwanamke mwenzangu, amefadhaika, analia. Ningemfichaje?"

"Umemwambia nini?"

"Yote."

* * *

Aliendesha kama mwendawazimu. Barafu ilikuwa imeanza kushika lami, na katika kona ya daraja pikapu iliteleza ikakaribia mto. Akakanyaga breki, moyo unampiga, akajiuliza leo ni siku gani. Jumamosi. Bado ni Jumamosi. Akaendelea polepole, jasho linamtoka ndani ya koti.

Karakana ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Jikoni taa inawaka. Corinne alikuwa anakoroga supu ya njegere kwa nyama ya nguruwe, amempa mgongo.

Kwenye ndoo ya taka kando ya mlango kulikuwa na vipande vidogo vya raba. Herufi. Wendell akapiga magoti, akazitoa moja moja, akazipanga sakafuni. Hakuhitaji kuzimaliza. Ya kwanza ilikuwa W, na jina la familia analijua.

"Corinne..."

"Kaa ule, inapoa."

"Corinne, umefanya nini? Mke wangu! Miaka thelathini na nne!"

Akageuka. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, mwiko bado mkononi.

"Nakuuliza jambo moja tu, Wendell, na unijibu kweli. Dakika arobaini za njia. Najua bibi kakwambia. Najua ulikuwa unatafuta jina la kuweka pahala pangu. Ulimfikiria nani?"

Wendell akazikusanya herufi sakafuni.

"Ulijifikiria wewe? Hata mara moja?"

Wendell akafungua mdomo. Akataka kusema ndiyo, na angesema, kwa maana uongo ni kitu chepesi. Lakini mwanamke huyu alikuwa amelala ubavuni mwake usiku elfu kumi na mbili. Akainamisha kichwa. Haikutoka hata herufi.

"Nilijua," Corinne akasema. "Tangu jana nilijua, ulipoandika langu kwanza."

* * *

Jumapili.

Tangu alfajiri Corinne alikaa kwenye kiti alichokiegemeza kwenye mlango wa karakana unaofungukia jikoni, ufunguo umo kifuani mwake. Wendell alikaa katikati ya jikoni, mbali na jiko, mbali na ngazi, mbali na dirisha. Kukimbia? Kwa gari, kwenye barafu, na tarehe ndiyo hii? Afadhali kiti. Hakunyoa ndevu. Hakula. Alikunywa maji ya bomba kwa viganja vyake. Kifua kilimpiga filimbi, kile kifua kibovu cha wachonga mawe, na kila alipokohoa mkewe aliinua kichwa kumtazama.

Saa sita mchana ikapita.

Jua likazama. Bunduki za msituni zikanyamaza.

Wakati mwingine walisikia kitu nyuma ya mlango wa karakana. Krrr... krrr... Waya ulikuwa umeng'olewa tena tangu jana. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amesikia.

Saa tatu usiku.

"Wendell."

"Naam."

"Unajisikiaje?"

"Mzima."

"Kifua?"

"Kama kawaida."

Corinne akatazama saa ukutani. Machozi yakaanza kumtiririka, na yalikuwa machozi ya kweli, maskini, hakuna aliyekuwa anaigiza katika nyumba ile.

"Mbona bado?" akanong'ona.

Ndiyo kwanza Wendell akaelewa kwamba, kwa kuwa tarehe inataka mtu, ikifika saa sita akiwa anapumua, tarehe ile itarudi kumtafuta aliyetangulia kuandikwa. Na akaelewa kwamba mkewe alikuwa amelijua hilo tangu asubuhi.

"Yule mama aliniambia Lucien naye alichelewa," Corinne akasema.

"Naye bibi akafanyaje?"

Kiti kikakwaruza sakafu. Corinne akainuka, akafuta uso kwa aproni, akampita, akaenda nyuma yake ambako kulikuwa na kabati la vyombo. Harufu ya udongo mbichi ikajaa jikoni. Wendell alisikia droo ya visu ikivutwa taratibu, kwa uangalifu, kama wanavyofanya watu wasiotaka kumwamsha aliyelala. Alitaka kusimama, alitaka kugeuka, lakini akaogopa uso ambao angeuona.

Mkono wa mkewe ukatua begani kwake. Ulikuwa wa moto.

"Fumba macho, mpenzi wangu."