Mawe Yaliyopanga Foleni

Kwa, kwa, kwa. Gizani, kabla jogoo hajawika, kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongwa na mvuke jikoni. Tupokigwe akajua Bibi Tulinagwe ameshainjika ndizi. Akatupa blanketi pembeni, akanawa uso kwa maji ya baridi kali, akala, kisha akashuka barabara ya Bulyaga katikati ya ukungu kwenda shule.

Ilikuwa Jumatatu, mwaka 1993, naye alikuwa darasa la tano. Ijumaa iliyopita Mwalimu Lilian, aliyehamia Tukuyu kutoka Tabora, aliandika ubaoni shairi la miaka ya uhaba wa bidhaa:

*Tulipanga mawe chini, yakatushikia zamu,*
*Jiwe langu mstarini, lilijua yangu hamu.*

"Msinijibu leo," alisema. "Nendeni mkawaulize nyumbani walioishi miaka hiyo."

Tupokigwe hakuuliza. Jumamosi alicheza rede mpaka jioni, Jumapili akaenda kanisani, akasahau kabisa. Sasa mwalimu alipomwita, ulimi ulikimbia mbele ya akili.

"Mwalimu, bibi yangu amesema huo ni utani wa mshairi tu. Mawe hayawezi kupanga foleni."

"Si utani!" Jairo akaruka. "Babu yangu aliweka jiwe lake kweli, pale duka la ushirika!"

"Jiwe lenyewe lilishika na kikapu?" mmoja akadakia. "Jairo Majiwe!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini Jairo alikuwa ameshainamisha kichwa. Ndiye aliyechaguliwa kulisoma shairi hilo mbele ya wazazi wiki ile. Kengele ilipolia, alimwambia mwalimu hatasoma tena.

Mchana ule Tupokigwe alimkuta bibi akimenya ndizi.

"Bibi, eti zamani watu walipanga mawe foleni?"

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Shairi la shuleni."

"Heee! Wameandika mpaka hayo?" Bibi akacheka, kisha macho yakamlowa. "Langu lilikuwa jeusi, la mtoni, nimelichora msalaba kwa chokaa. Naliweka alfajiri, naenda kulima. Nikirudi, liko palepale. Kuna jirani hatukusalimiana mwaka mzima, lakini jiwe langu hakuligusa hata siku moja. Wiki uliyozaliwa wewe, lilifika mpaka mlangoni pa duka, sabuni ikawa imekwisha. Nepi zako mimi na mama yako tukazifua kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi."

Tupokigwe akageuka kutazama nje. Ng'ambo ya barabara, dukani kwa Ambindwile, sabuni za bluu, za kijani na nyeupe zilikuwa zimepangwa hadi dirishani. Alizipita kila siku bila kuziona. Na ile mistari miwili ya ubaoni, aliyoidhania mzaha, kumbe ilikuwa na bibi yake ndani, na mama yake, na yeye mwenyewe akiwa mchanga kwenye nepi! Maneno machache vile yaliwabebaje watu wote hao?

Hapo machozi yakamtoka, akaeleza yote.

"Kumbe umenisingizia maneno?" Bibi hakufoka, na hilo likamuuma zaidi. "Sikia, mjukuu wangu. Wengine sisi hatukusoma. Tuliyoyaona yamebaki vinywani mwetu, na kwenye mashairi kama hilo. Ukitutungia uongo, unatufuta. Kama hujui, uliza. Kama hukuuliza, sema hukuuliza. Na huyo mtoto ameaibika mbele ya darasa, basi hukohuko ndiko utakakomsafisha."

Kesho yake, kabla mwalimu hajafungua daftari la mahudhurio, Tupokigwe alisimama. Nyuma mtu alinong'ona, "Majiwe," na wawili watatu wakacheka. Mwalimu Lilian akainua macho. Jairo naye akageuka kumtazama.

"Jairo alisema kweli, mimi sikumuuliza bibi."