Nyuzi Nene za Yoeli

Mwaka ule bidhaa za Dubai zilikuwa zimeanza kumwagika Arusha, na duka la redio na magitaa la barabara ya Sokoine lilijaa watu hadi mlangoni, wengi wao wa kushikashika tu, si wanunuzi. Hanna, gauni la kitenge limemkaa sawasawa, alikuwa akihudumia watu wanne kwa mpigo, kijana mrefu alipoegemea kaunta.

"Dada, nataka nyuzi za besi. Nene kuliko hizi. Hizi zinalia kama mbuzi."

"Mbuzi tunauza kwetu Tengeru, kaka. Nyuzi nene hakuna, labda niagize."

"Agiza, mrembo. Na huko kwenu nitakuja."

Hanna akacheka. Basi, kwisha habari yake.

Kijana huyo, Yoeli, alipiga besi kwenye bendi ya hoteli moja mjini. Gitaa lilikuwa la tajiri mwenye bendi, kama vyombo vyote. Anayeacha kazi anaondoka mikono mitupu. Katika mwaka mzima wa mapenzi aliahidi mara mbili kwenda kujitambulisha Tengeru, na mara mbili tajiri akamzuia. Mara ya tatu, siku ya Jumamosi, wazee wa Hanna walimngoja tangu saa tatu asubuhi. Saa sita simu ya mezani ikalia.

"Mpenzi, nimebanwa. Zile nyuzi ulizoniagizia dukani zimeletwa leo hatimaye, tajiri anataka nizifunge kabla ya dansi la jioni."

Hanna alikata simu, akaenda mjini na gauni lake jipya la ugeni.

Alimkuta stoo ya hoteli, chumba kisicho na dirisha. Nyuzi zilikuwa nene mno kwa vijikato vya shingo ya gitaa, naye alikuwa akivipanua kwa tupa, jasho linamtiririka.

"Mlango uko wazi, Yoeli. Twende."

"Nikitoka, natoka bila gitaa. Bila gitaa mimi nani, mama?"

"Mchumba wangu."

"Jumamosi ijayo. Naapa."

Akakaza uzi wa mwisho, akaupiga. Sauti nzito ikajaa chumbani, na uso wa Yoeli ukang'aa. Hanna alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma, maana sasa alijua kwamba tajiri alikuwa kisingizio tu.

Pale mapokezi Hanna aliomba kupiga simu nyumbani.

"Shikamoo, baba. Kuleni tu, wageni hawaji."

"Marahaba. Tuwaandalie Jumamosi ijayo?"

Besi ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta, tamu kweli.

"Hapana, baba," Hanna alisema, machozi yakimtoka. "Hawaji tena."