Nani Anamvunja Mama Mifupa?

Nilisukuma mlango wa bafu nikamkuta mama yangu yuko chini, kashika mkono, analia bila sauti...

Na mke wa kaka yangu kasimama juu yake!

"Umemfanya nini mama?!"

"Wifi, sijamgusa! Nimesikia kishindo ndo nikaja mbio!"

Jamani, ningeamini vipi? Hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya miaka miwili!

Kwanza kifundo cha mkono. "Niliteleza."

Halafu mgongo, wiki tatu kitandani. "Niliinua ndoo tu, mwanangu."

Na kila mara kaka yuko kazini, nyumbani wamebaki wawili tu. Mama na wifi.

Kingine... mimi ni fundi cherehani, nguo za mama nashona mwenyewe. Magauni yale yale niliyomkatia kwa vipimo vyake yakaanza kuburura chini. Mama kapungua! Nikasema huyu mwanamke anamlaza mama yangu njaa.

Nikaanza upelelezi. Naenda bila taarifa. Nafunua masufuria. Siku moja wifi yuko uani, nikanong'ona:

"Mama, anakupiga?"

"Hebu nitolee maneno yako."

Ila macho yalinikwepa... Nikajua tu, katishwa huyu.

Basi siku hiyo ya bafuni nikachemka. Nikamkumbatia mama, nikambana kifuani, nikamnyanyua.

"Leo unahamia kwangu!"

"Wifi, taratibu! Usimbane hivyo!"

"Nyamaza, muuaji mkubwa wewe!"

Mama akaguna "Aah!" mara moja. Nikadhani ni ule mkono.

Hospitali sikumumunya maneno. Watu wamejaa kwenye mabenchi, nikamnyooshea kidole: "Daktari, huyu anampiga mama yangu!"

Kaka, aliyekuja mbio kutoka kazini, akainamisha kichwa. Wifi machozi tu.

Daktari, mwanamke wa makamo, akatuingiza chumbani kwake. Picha zikapigwa. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Mama, mama yako mzazi alifarikije?"

Mama akavuta kanga yake begani.

"Alivunjika nyonga. Alijigeuza tu kitandani, hakuinuka tena. Na dada yangu hivyo hivyo."

Miaka yote sikuwahi kuambiwa!

"Huyu binti," mama akamgusa wifi, "kanibembeleza mwaka mzima nije kupimwa. Nikamkataza asimwambie mtu. Niliogopa kuambiwa ni yale yale."

Daktari akatueleza taratibu. Mwanamke hedhi ikishakoma, mifupa yake huanza kupungua nguvu. Wengine polepole, wengine haraka, na sehemu kubwa ya hilo mtu huzaliwa nayo. Pingili za mgongo wa mama zilikuwa zimebonyea, ndiyo maana kimo kimepungua.

Kumbe siyo njaa!

Akainua picha moja kwenye mwanga.

"Mkono huu umeteguka tu. Kilichovunjika ni mbavu mbili, na ni za leo leo. Nani alimbana kifuani?"



Wifi akanitazama. Alijua. Alikuwepo, aliona, alipiga kelele! Ilikuwa zamu yake ya kuninyooshea kidole...

"Alianguka, daktari," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Hapana," nikasema. "Ni mimi. Nilimkumbatia."

Mama akaanza kulia. Kaka hakunitazama. Daktari akaandika, kisha akaniinulia macho.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Hedhi?"

"Ilikoma miaka minne iliyopita."

"Basi na wewe utapimwa."

Nikapimwa. Na mifupa yangu imeanza kupungua nguvu, ila nimewahi. Mama yuko kwenye matibabu, bado anakaa kwa wifi. Mwenyewe amegoma kuhama!

Na wifi nilimwomba msamaha pale pale kwenye mabenchi, mbele ya watu, kwa sauti ile ile niliyomtukania.

Dada zangu, umri ukifika nendeni mkapimwe mifupa. Na ukiona mama anavunjika vunjika, kabla hujamtafuta mbaya wako ndani ya nyumba, kaa naye umuulize: bibi alikufaje?