Kisanduku cha Fundi Malimi

Fundi Malimi alikutwa asubuhi ya Jumanne, amelalia meza yake ya kutengenezea redio, pale Mabatini. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Chini palikuwa na transfoma nzito yenye damu na nywele. Chuma cha kulehemu kilikuwa bado kwenye umeme. Kilikuwa kimechoma ubao mpaka ukatoboka. Vikombe viwili vya chai ya maziwa vilikuwa vimeshika utando, na maandazi yalikuwa hayajaguswa.

Inspekta Hellen Shimba aliyatazama yote, hata maandazi.

"Kimeibwa nini, mama?"

"Kisanduku tu," alisema Bernadeta, mke wa marehemu. "Redio za watu zote zipo."

Kisanduku hicho kilikuwa mchezo wa dadu za umeme. Ukibonyeza kitufe, vitaa vyekundu, vilivyopangwa kama madoa ya dadu, vinakimbizana, kisha vinasimama kwenye moja hadi sita. Tangu biashara ziachiwe huru, kumbi za kamari zilikuwa zikichipuka Mwanza kama uyoga. Malimi alikuwa ameomba hataza, ile haki ya mvumbuzi, na Ijumaa alitakiwa akionyeshe kisanduku Dar es Salaam.

Kwenye droo palikuwa na barua ya pingamizi kutoka kwa Jairo Oyoo, mwenye ukumbi wa kamari karibu na bandari. Iliandikwa: "Dadu ni za zamani, umeme ni wa zamani. Kuviunganisha ni jambo lililo wazi kwa fundi yeyote. Hakuna uvumbuzi hapa."

"Eti lilikuwa wazi!" Bernadeta alifoka. "Mbona hakulifanya yeye?"

"Kisanduku kilikuwa na alama?"

"Chini ya kitufe alichonga LUSHA. Nikamcheka: 'Baba Nestory, ni RUSHA!' Akanijibu, 'Watakuja kulusha, hawaji kusoma.' Alisema atarekebisha kabla ya safari. Kwenye karatasi za maombi karani alipiga chapa sawasawa, RUSHA."

Maabara haikupata alama za vidole; transfoma ilikuwa imepanguswa pale iliposhikwa. Oyoo aliapa hajawahi kukanyaga Mabatini. Wiki tatu zikapita.

Kisha mashine mpya ikawekwa ukumbini kwa Oyoo. Siku hiyo hiyo Inspekta aliingia na Koplo Nkwabi, mkononi ana hati ya upekuzi. Nkwabi akaenda stoo.

"Mashine hii umeitoa wapi?"

"Kichwani mwangu, afande. Nimesomea umeme Ulaya miaka sita."

"Kisanduku cha Malimi uliwahi kukiona?"

"Kamwe. Nilisoma karatasi zake tu."

"Niandikie hapa: rusha."

Oyoo alicheka. "Siku hizi polisi mnaendesha madarasa ya ngumbaru?" Akaandika kwa herufi nzuri: RUSHA.

Inspekta aliigeuza mashine. Kwenye bamba la shaba, chini ya kitufe, paliandikwa LUSHA.

Oyoo aliinama akalisoma.

"Mchonga mihuri amekosea," alisema Oyoo.

"Amenakili ulichompa, nawe hukusoma! Karatasi zinasema RUSHA. Kisanduku peke yake ndicho kilichosema LUSHA, na hakikutoka Mabatini mpaka muuaji alipokitoa."

Nkwabi alirudi na gunia. "Kilikuwa nyuma ya friji ya soda, afande." Ndani mlikuwa na kisanduku, pembeni kina damu iliyokauka.

Oyoo aliketi.

"Nilikwenda kukiona tu. Akanikaribisha chai. Akakifungua. Vitaa saba, afande! Saba, na nyaya nilizofundishwa darasani. Nikasema moyoni, mbona ni wazi! Miaka sita nimesoma, sikuliona. Akalione mtu wa darasa la saba? Nikamwambia aondoe ombi lake. Akacheka, akainama kulehemu..."

"Lilikuwa wazi kwa sababu yeye alikufungulia macho," alisema Inspekta. "Ukamlipa kwa transfoma. Nkwabi, mtie pingu huyu!"

Hukumu ilipotoka, Bernadeta alikabidhiwa kisanduku ili akipeleke Dar es Salaam, kwa jina la marehemu. Nkwabi akamwambia kwa upole, "Shikamoo, mama. Nina tupa na patasi hapa. Nikurekebishie ile herufi?"

Bernadeta aliifunika kwa kiganja.

"Usiiguse! Iende hivyo hivyo."