Ua Lililokatika kwenye Mkeka wa Paulina

Paulina ni mkulima wa mpunga katika kijiji cha Idete. Baada ya mavuno husuka mikeka ya ukindu. Mwaka huu alikuwa na sababu kubwa. Wakwe wa binti yake Jane walikuwa wanakuja, na katika ukoo wao wakwe huketi juu ya mkeka uliosukwa na mama wa binti. Tena Bi Natalia wa Mahenge, mama wa mchumba, alikuwa msukaji hodari.

Paulina alisuka kili, yaani mikanda mirefu ya mkeka. Aliposhona mbili za kwanza, aliona kasoro. Kwenye mshono, maua aliyoyasuka kwa rangi hayakukutana.

Mumewe Valentino akacheka. "Mama Jane, maua yako yameliwa na panya? Wakwe watadhani ni mkeka wa kuanikia mpunga!"

"Cheka tu. Aibu ikija, ni yetu sote."

Kesho yake alikwenda na mkeka huo Mlabani kwa Bibi Mwanamkasi, muuzaji wa ukindu na rangi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione." Alihesabu majani membamba ya ukili mmoja. "Miyaa kumi na minane. Nani kakufundisha hivi?"

"Mama alinifundisha kumi na sita. Mimi nikaongeza miwili ili mkeka uwe mpana."

"Ua moja linachukua miyaa mingapi?"

Paulina akahesabu. "Minne."

"Katika kumi na minane, unapata maua mangapi?"

"Manne. Miyaa miwili inabaki."

"Hiyo ni nusu ua. Ndiyo inayokuharibia mshono. Panua upendavyo, lakini ongeza minne minne."

Bibi akampa nanasi. "Magamba haya yamejipanga kwa mistari inayozunguka. Hesabu inayopanda kulia."

"Minane."

"Na ya kushoto?"

Paulina akaligeuza polepole. "Kumi na mitatu."

"Mananasi mengi utayakuta hivyo hivyo. Shamba lina hesabu yake. Mama yako naye alikuwa na yake. Hakubahatisha."

"Mama hakusoma hata darasa moja, Bibi."

"Ndiyo maana hesabu yake aliiandika kwenye mkeka."

Paulina akauliza, "Sasa nifanyeje? Zimebaki wiki mbili."

"Fumua."

"Yote?"

"Yote. Wakwe hawapewi kazi ya nusu."

Akafumua yote. Alisuka upya pamoja na Jane, miyaa ishirini kwa kila ukili. Valentino aliacha mzaha, akawalowekea ukindu.

Siku ilipofika, Bi Natalia hakuketi. Aliinama, akapitisha kidole juu ya maua, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mkwe, mshono uko wapi?"

"Upo," alijibu Paulina. "Hesabu, utauona."

Bi Natalia akahesabu miyaa. Alipofika ishirini, kidole kiligusa mshono; akavua viatu, akaketi.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu," alisema Paulina.