Hodi ya Kipusa

Kipusa alikuwa na mzaha wake: akija kwa mama yake alibisha hodi kwa vishindo, kisha akauliza, "Wenyewe mpo, au mmehama?" Basi alasiri moja, tayari wamekwisha kumzika, hodi ile ile ikapigwa. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anapinda pindo la gauni la mteja, na kabla akili haijamrudia mdomo ukajibu, "Karibu, mwanangu!"

Mlango ukafunguka. Hakuingia mtu.

Mdomo na mazoea, jamani! Siku hiyo ulimponyoka, lakini kesho yake aliitikia kwa hamu, na keshokutwa vilevile, maana alimkumbuka mtoto wake mno.

Kipusa alikufa akijifungua, akaacha kichanga cha kiume, na sasa kichanga kikakataa chupa. Kila hodi ikiitikiwa, chumba kilinuka udongo mbichi, chandarua kikatikisika pasipo upepo, na humo ndani ikasikika sauti ya kunyonya, taratibu, taratibu, hata Bibi, mama yake Kipusa, akikifunua anamkuta mjukuu peke yake, midomo imelowa, mbavu nje, anamtabasamia mtu asiyeonekana.

"Unamkaribisha mwenyewe, dada," mganga aliyemwita alimnong'oneza. "Jini huazima sauti ya maiti. Akibisha, mwambie hapa si kwake."

"Na kama ni yeye kweli?"

"Utamzika na huyu mtoto."

Kesho yake Bibi akatia komeo, akaegemeza mgongo mlangoni, mtoto kamfunga kifuani kwa kanga. Hodi ikapigwa.

"Wenyewe mpo, au mmehama?"

"Hapa si kwako," Bibi akasema.

Sauti ikashuka. "Mama, ni mimi. Maziwa yamejaa, kifua kinaniuma. Nipe mwanangu kidogo tu."

Bibi akauma kiganja mpaka damu. Mkono mwingine ulishafika kwenye komeo, akautazama, akautoa.

"Nenda! Hapa si kwako!"

Huko nje kikaanza kilio cha kwikwi, kile kile cha Kipusa akinyimwa kitu utotoni, kikaondoka polepole na njia mpaka kikapotea.

Mtoto akapokea chupa, akanywa yote. Bibi alifurahi, wallahi alifurahi, na machozi yakamdondokea mjukuu usoni.

"Nimemfukuza nani, baba?" akamuuliza. "Hebu niambie wewe. Nimemfukuza nani?"